Karavani Iliyobaki Kwenye Mchanga wa Mute

Ussumane Abdala alijifunza kuvuta mzigo kabla hajajifunza kunyoa ndevu. Ujana wake wote huko Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, aliendesha trekta lenye tela la nazi, toka mashambani mpaka ghalani, na wakubwa wake walimpenda kwa sababu hakupindua tela hata siku moja. Vita vilipochacha alivuka mto Ruvuma, akakaa Mtwara miaka kadhaa akiendesha lori la korosho. Amani iliporudi naye akarudi, akamwoa Zubeida, binti wa watu wa Palma, mwanamke mwenye maneno mengi na mkono mwepesi wa kazi. Wakajaliwa mtoto mmoja, Nadia, ambaye siku hizi ameolewa Mocímboa. Trekta lilikuwa limeshakufa. Ussumane akawa analima, anaangua nazi zake, na mara kwa mara anaitwa kukwamua magari ya watu waliozama kwenye mchanga wa njia ya mtoni.

Mimi ni jirani yao, na kisa hiki nimekisikia kwa wote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Wanapingana katika mambo madogo madogo tu.

Redio ilipoanza kutangaza habari za gesi chini ya bahari, haukupita muda barabara yetu ikajaa magari. Kikaja kwetu kikundi cha wapimaji wa udongo. Nyumba za kulala wageni hazikuwepo, kwa hiyo walikuja na nyumba zao: karavani, vijumba vyeupe vya magurudumu mawili, ndani kitanda, jiko dogo na dirisha lenye pazia, vinavutwa nyuma ya Landikruza. Watoto waliziona wakadhani ni maduka. Madereva waliotoka nazo mjini walizoea lami, na mchanga wetu ukawatoa jasho. Mkuu wa kambi, Paulino, mtu wa Mueda, akauliza nani hapa anajua kuvuta tela kwenye mchanga. Watu wote wakamtaja mtu mmoja.

Ussumane akapata kazi, na Zubeida naye akapata, ya kufua na kusafisha zile karavani. Makubaliano yalikuwa ni ya kiangazi kile, hapo hapo Quionga. Lakini kambi ilipokaribia kuhama, Paulino akamwita Ussumane pembeni.

"Mzee, tunahamia pwani, mbele ya Mute. Mtakuja na sisi hadi mvua zianze?"

Ussumane akajibu pale pale, "Tutakuja, chefe," maana ndivyo wote walivyomwita mkuu wao.

Alikusudia kumweleza mkewe jioni ile, ila nyumbani alikuta wageni. Asubuhi Zubeida akazisikia habari kwa Nélia, mpishi wa kambi, binti wa bara aliyekuwa rafiki yake. "Mama Nadia, nimefurahi! Kumbe tunakwenda wote Mute!"

Zubeida alitabasamu, akamalizia kuanika shuka. Toka hapo hakumsemesha tena mumewe. Akiulizwa chakula kiko wapi, anaonyesha kwa kidole. Akisalimiwa, anaitikia kwa pumzi. Nyumba iliyozoea sauti yake tangu alfajiri ikawa kama ya watu waliohama. Ussumane alijaribu mara mbili kujieleza, na mara zote mbili mkewe alinyanyuka akaenda kuteka maji.

Asubuhi ya kuhama kila mtu alikuwa na haraka, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa bara. Ussumane alirudisha gari nyuma, akakishusha kikombe cha chuma, kile cha kwenye pua ya karavani, juu ya kirungu cha chuma kilicho nyuma ya gari, akatundika mnyororo wa usalama. Baada ya hapo kuna pini ya kuchomeka, ile inayozuia kikombe kisiruke. Ameichomeka mara nyingi hata mkono wake unaijua bila macho. Ila wakati ule ule Zubeida alipita mbele yake amebeba kifurushi cha nguo.

"Mama Nadia, panda huku kwangu. Kiti kipo."

"Nitapanda na Nélia."

Yalikuwa maneno matatu tu, lakini ni ya kwanza kwa siku kadhaa. Ussumane alibaki anamtazama akipanda kwenye gari la Nuro, dereva mwenzake aliyebeba vyombo vya jikoni. Paulino akapiga honi. Ussumane akaingia garini, na pini ikabaki inaning'inia kwenye uzi wake.

Walipita Palma salama, wakashuka hadi Mute, wakasimama kunywa maji. Pale Zubeida kichwa kilikuwa kinamgonga. Katika gari la Nuro alikuwa amebanwa kati ya Nélia na sufuria kubwa, na jua lilikuwa linampiga upande mmoja wa uso. Akaiangalia ile karavani iliyovutwa na mumewe. Kitanda mle ndani alikitandika yeye mwenyewe.

"Naenda kulala mle," akamnong'oneza Nélia.

"Hairuhusiwi, Mama Nadia. Chefe alisema mtu asipande ndani ikivutwa."

"Karibu tunafika. Usimwambie yule bwana wangu, atakataa tu kwa vile ni mimi."

Nélia akarudi garini peke yake, na Nuro akadhani mwenzake amehamia kwa mumewe. Zubeida akaingia, akafunga mlango, akajinyoosha. Msafara ukaondoka: Paulino mbele, Nuro katikati, Ussumane nyuma ya wote.

Kutoka Mute kwenda pwani njia ni ndogo, inapita katikati ya mashamba ya mihogo na mikorosho, na mchanga wake ni mwepesi kama unga. Ussumane alikuwa amepunguza upepo wa matairi, akatia gia nzito, akaenda taratibu bila kusimama, maana ukisimama pale umekwisha. Mizizi ya mikorosho ilikuwa inarusha gari juu na chini. Mchanga unapoishia, ardhi nyekundu huanza ghafla, na gari linalotoka mchangani hapo huruka mbele lenyewe, kama lililotua mzigo. Siku ile liliruka, Ussumane akaona ni kawaida. Vioo vya pembeni vilijaa vumbi, na mawazo yake yalikuwa kwenye maneno matatu ya asubuhi, akiyageuza kama yana maana nyingine asiyoijua.

Akafika kambi mpya, akazima gari, akashuka. Nuro alikuwa wa kwanza kuona.

"Mzee Ussumane, mzigo wako uko wapi?"

Watu wakacheka. Nyuma ya gari palikuwa na kile kirungu cha chuma, kitupu. Paulino hakucheka. Alikuwa anakuja kwa hatua ndefu, amekunja uso, na Ussumane alikuwa anatafuta neno la kuanzia, pale Nélia alipodondosha sufuria.

"Meu Deus! Mungu wangu! Mama Nadia yumo ndani!"

"Ndani wapi?"

"Ndani ya karavani, Baba Nadia! Aliingia tuliposimama Mute. Alikuwa anaumwa kichwa. Nisamehe, alinikataza kusema!"

Ussumane ananiambia kwamba hapo masikio yake yaliziba. Aliona vinywa vya watu vinatembea tu. Alichokumbuka ni pini. Aliiona inaning'inia kwenye uzi, waziwazi kabisa, kama iko mbele ya macho yake.

Aligeuza gari. Nélia aliruka akaingia kabla mlango haujafungwa, akiwa analia na kusali pamoja. Njia ile ile aliyoipita taratibu akiwa na mawazo, sasa aliipita mbio, akitazama kushoto na kulia. Akilini mwake aliiona ile karavani imelala chali, magurudumu juu.

Njia ya ardhi nyekundu inapita kando ya bonde lenye vishamba vya mpunga. Kule chini, katikati ya majani, akaona kitu cheupe kimeinama. Alisimamisha gari katikati ya njia, akateremka mbio, akaingia kwenye matope hadi magotini, huku anaita. Kumbe ni karatasi za nailoni, watu wa mpunga wamezitundika kwenye fito kufukuza ndege. Alisimama pale matopeni akihema. Anasema hajui kama alitaka kushukuru au kulia.

"Baba Nadia, twende!" Nélia akaita toka juu. "Haiko hapa, twende!"

Waliikuta mchangani, mwendo mdogo tu kabla ya ardhi nyekundu. Ilikuwa imesimama, haijapinduka. Pua yake ilichimba mchanga, na ubavu wenye mlango ulikuwa umeegemea mkorosho mnene. Mnyororo ulikuwa umelala kwenye mchanga, ndoano yake imefunguka. Dirisha la upande wa pili lilikuwa wazi na pazia limening'inia nje. Chini ya dirisha palikuwa na ndara moja.

Ussumane alichungulia. Vikombe vilikuwa vimevunjika sakafuni, godoro limeteleza. Mtu hakuwemo.

"Mama Nadia!" aliita. "Zubeida! Zubeida!"

Jina lile hakuwa amelitamka mbele ya watu tangu wazae.

"Niko huku! Usinipigie kelele, kichwa bado kinauma!"

Sauti ilitoka kwenye shamba la mihogo. Zubeida alikuwa amekaa kivulini na wanawake wawili wa Mute, amefungwa kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, anawasaidia kumenya mihogo. Uvimbe kwenye paji ulikuwa kama kidaka cha nazi. Mguu mmoja haukuwa na ndara.

Ussumane alipofika mbele yake alikaa chini hapo hapo kati ya maganda, na matope yake yote. Akamshika mkewe kifundo cha mguu, ule usio na ndara, akabaki ameushika. Nélia alimkumbatia Zubeida shingoni, na wote wawili wakaanza kucheka na kulia.

"Nimeumia kidogo tu," Zubeida alisema. "Nilikuwa nimeanza kusinzia. Nikasikia ko! halafu nyumba ikainamisha kichwa, mimi na godoro tukaenda mbele pamoja. Nikasema, huyu bwana leo ameamua kuniua. Nikafungua mlango, haufunguki, kuna mti. Nikaita, nikaita, nasikia gari lako linakwenda zake, wala halina habari. Hawa dada zangu ndio walionitoa dirishani. Dirisha lile limetengenezwa kwa ajili ya hewa, Baba Nadia, siyo kwa ajili ya mtu kama mimi."

Wanawake wa Mute wakaangua kicheko. Mmoja akasema walidhani watavunja ukuta.

"Sikuchomeka pini," Ussumane alisema hatimaye.

"Pini gani?"

"Ya kuzuia. Nilikuwa nakutazama wewe unaondoka, nikasahau."

Zubeida akaweka kisu juu ya maganda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi sikutakiwa kulala mle. Nélia aliniambia."

"Nitamwambia chefe turudi Quionga. Kesho."

"Nani amekwambia nataka kurudi? Mute napapenda. Kazi naipenda. Nilichokasirikia ni kuambiwa safari yangu na mpishi, kama mimi ni sufuria."

"Ni kweli."

"Basi. Siku nyingine uniulize."

"Nitakuuliza."

Paulino alifika na Nuro, na majembe. Ussumane alitegemea kufukuzwa, na alikuwa tayari. Alisimama akaeleza kila kitu bila kujitetea. Paulino alimsikiliza, akaenda kumtazama Zubeida paji la uso, akamtaka afumbe na kufumbua macho, akarudi.

"Karavani ni bati na mbao," alisema. "Leo tungekuwa tunachimba kaburi. Mshukuru Mungu wako, mzee, na mimi nitamshukuru wangu." Kisha akatangaza kwamba tangu siku ile hakuna tela litakaloondoka kabla mtu wa pili, asiye dereva, hajalikagua. Kwa tela la Ussumane Zubeida alijitolea mwenyewe. Mpaka mvua zilipofunga kambi, alikuwa anaizungusha ile pini kwa vidole, anaupiga mnyororo teke, ndipo anapanda kiti cha mbele.

Siku ile waliichimbua pua ya karavani, wakaweka jeki juu ya ubao, wanawake wa Mute wakasukuma nao, na mbwa wao akabweka muda wote. Zubeida aliwaachia shuka zake mbili, walizotoka nazo dirishani wakamenyea mihogo, nao wakampa kikapu kilichojaa.

Kambini Nélia hakumruhusu ashike kitu. Alimtandikia mkeka nyuma ya jikoni, akachemsha mihogo ile kwa tui, akakaanga na samaki wachache aliokuwa nao. Mawingu yalikuwa yamepita bila kunyesha. Ussumane alinawa miguu, akaswali, akaja akakaa ukingoni mwa mkeka. Zubeida alimsogezea sahani, akamchambulia samaki mwiba mmoja mmoja huku akimweleza Nélia habari za wale wanawake, nani ameolewa na nani, na shamba lile ni la ukoo gani. Ussumane alikula tonge la kwanza, kisha la pili, na ndipo akagundua kwamba tangu asubuhi hakuwa ametia chakula tumboni na kwamba ana njaa kweli kweli.