Usukani wa Kushoto

Karakanani walimwita Unywele, ingawa kichwani hakuwa nao hata mmoja. Jina lilitokana na kauli yake ya kila siku, "Bado unywele," yaani chuma hakijafika kipimo. Miaka ishirini na sita alizungusha sukani za mashine ya kuchonga vyuma, na meza ya mashine, ile inayobeba chuma, ilipofika alijua kwa viganja tu.

Viganja hivyo sasa vilikuwa vimeanza kutetemeka. Aliyejua ni mkewe peke yake. Kila alfajiri alimfunga vifungo vya shati, mlango wa chumba umefungwa ili watoto wasione.

Basi tajiri wa karakana alipoleta mota tatu na kompyuta ya kuendesha meza, wenzake walinuna, Unywele akafurahi kimoyomoyo.

"Zifunge wewe mwenyewe," tajiri alimwambia. "Zikifanya kazi, kompyuta ni yako."

Kubonyeza kitufe hakutaki mkono uliotulia. Kazi ingebaki yake, na siri ingebaki chumbani.

Alizifunga kwa wiki tatu, akisaidiwa na mdogo wa mkewe, fundi umeme. Sukani mbili aliziondoa. Wa tatu, wa kushoto mwa meza, akauacha. Skrubu ya meza ilikuwa imelika, inacheza kidogo, naye alitaka kuusikia mchezo ule kwa mkono.

"Shemeji, toa hilo dude. Mota haina macho."

"Nitatoa kesho. Huu umenilea."

Tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la shemeji mdogo, hatuambiwi huvunjika nini.

Siku ya majaribio, tajiri akiwa amesimama kando, shemeji alibonyeza. Meza ilikwenda polepole, chuma kikikatwa vizuri, na mkono wa kulia wa Unywele ukajiendea wenyewe kwenye usukani. Mazoea yana taabu. Kikatio kilipomaliza, mota iliirudisha meza kwa kasi yake yote, usukani ukazunguka nayo, na kishikio chake kikamvunja kifundo cha mkono na vidole vitatu.

Tajiri alimkimbiza hospitali kwa gari lake, hilo tusimnyime. Kipande kilipopimwa, hakikukosea hata unywele. Jumatatu kompyuta alikabidhiwa shemeji, akaipokea huku analia.

Mkewe bado humfunga vifungo. Mkono uliosalia mzima unatetemeka, na kila amwonaye husema ni mshtuko wa ajali, maskini. Siku hizi mke hafungi mlango.