Siku ya Kuja na Baba

Juzi nilikuwa jikoni kwangu hapa Nyanchwa, namenya ndizi, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mwalimu wa binti yangu kwenye kundi la wazazi. Wiki ijayo kuna siku ya kazi, kila mtoto aje na mzazi au mlezi mmoja, aonyeshe darasa kazi anayoifanya, na abebe vifaa vyake. Wazazi wakaanza kunung'unika papo hapo. Mmoja, ambaye hushinda ofisini akigonga mihuri, aliuliza kama abebe meza nzima au droo tu. Nilicheka, nikaandika kwamba nitafika. Kisha nikagundua kwamba nimeacha kumenya, kisu kiko mkononi, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi.

Ngoja nikueleze, maana huenda wewe hukusomea kule kwetu.

Shule yangu ya msingi ilikuwa upande wa Nyacheki. Pande tatu ilizungukwa na chai, upande wa nne ni barabara ya udongo mwekundu. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri. Ikianza kupiga mabati hakuna aliyemsikia mwenziwe, basi tulikaa tu tumekunja mikono, tunanusa sweta zilizolowa na viazi vitamu vya watu waliochelewa kula. Sakafu ilikuwa ya udongo, na kila Ijumaa tulibeba maji kutoka kijitoni tukainyunyizia ili vumbi lilale. Sijui kwa nini nayakumbuka yale maji kwa furaha, yalikuwa baridi mno na ndoo ilinichubua mguu.

Tulipokuwa darasa la pili tuliletewa mwalimu mpya, kijana mrefu kutoka kule ziwani. Hakujua neno hata moja la Ekegusii, lugha yetu, kwa hiyo alitufundisha kila kitu kwa Kiswahili. Tena hakupenda ubao. "Mtoto anajifunza na mikono," alikuwa akisema, na akatutoa nje. Tulipima uwanja kwa hatua zetu. Tulitengeneza saa kwa kigogo cha mgomba na vijiti. Tulishuka kijitoni kuhesabu vyura, tukarudi na idadi ishirini tofauti. Siku moja alitupandisha kilima kilicho juu ya shule ili atuonyeshe ziwa lao, lakini ukungu ulitunyima. Tuliangalia weupe mtupu huku yeye akituonyesha kwa kidole mahali nyumba ya mama yake ilipo, na sote tukasema tunaiona.

Mimi nilikuwa mkalimani wake. Nilizaliwa Nakuru, na nyumbani tulizungumza Kiswahili, na Ekegusii nilijifunza tulipohamia Nyacheki, kwa hiyo mwalimu alipokwama aliniita mbele nikamweleza wenzangu wanasema nini. Nilijiona sana, sikufichi. Wenzangu waliniita "wa Nakuru," nami nililivaa jina hilo vizuri, maana lilificha sababu iliyotutoa huko.

Sababu ilikuwa baba. Alikuwa akifanya kazi kwenye kinu cha unga. Mwaka mmoja alianza kulala nje, kisha akahama kabisa, na tukasikia ana nyumba nyingine mtaa wa pili. Mama hakugombana naye. Alifunga virago, akanileta Nyacheki kwa nyanya, mama yake baba, akachukua mistari ya chai ya mume wake, akaanza kuchuma. Koti la baba alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango na kila Jumamosi kabla ya kanisa letu la Wasabato alilipiga brashi. Watu walipouliza, alisema baba yuko kazini. Nami nilisema hivyo hivyo. Watu wazima walinyamaza nilipoingia, na mtoto akiona hivyo, anajua yote.

Sasa kuna jambo moja la lugha lazima ulijue, maana bila hilo hutanielewa. Kwa Ekegusii, mama huitwa baba. Naam, baba. Yule ambaye Waswahili wanamwita baba, sisi ni tata. Nyanya alikerwa sana kwamba ninamwita mama yangu mama. "Huyu ndiye baba yako," alikuwa akinirekebisha. "Yule wa Nakuru ni tata." Alininyima ukoko wa ugali wa wimbi mpaka niseme. Sikusema. Nililala bila ukoko mara nyingi, nami nilikuwa mpenda ukoko wa kupindukia. Neno baba nilikuwa nimemwekea mtu mmoja tu, na niliona kwamba nikilitoa, akirudi hatalikuta.

Jumatatu moja mwalimu akasimama mbele amejaa furaha. "Alhamisi tuko na siku ya kazi. Kila mtu akuje na baba. Baba abebe kitu anafanyia kazi. Wewe utasimama kando yake uambie darasa baba yako anafanya kazi gani. Mmeelewa?"

"Ndiyooo!" wenzangu wakaitikia.

Siku hiyo hakuniita nitafsiri.

Niliogopa, msomaji wangu. Niliogopa kwa namna ambayo ukubwani nimeogopa labda mara mbili. Nilijiona nimesimama mbele ya darasa na nafasi tupu kando yangu, na mwalimu akiuliza, na ule uongo wetu wa "yuko kazini" ukipasuka mbele ya watoto arobaini ambao wangeupeleka nyumba arobaini kabla ya mvua. Na mama angejua kwamba watu wamejua. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Kwa hiyo sikumwambia neno. Jumanne sikumaliza uji. Jumatano nilisukuma mboga za managu pembeni mwa sahani, mama akanigusa paji la uso na kuniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu. Nilipanga kuugua. Nilipanga kuanguka kwenye mtaro nivunjike mguu, ila mtaro nilioupata haukuwa na kina cha kutosha.

Jumatano hiyo jioni jirani yetu, ambaye binti yake tulikaa dawati moja, aliniita kutoka kwenye ua. Alikuwa akisugua kikapu chake cha kuchumia chai.

"Ambia mama yako kesho nitampitia twende pamoja."

"Kesho anaenda mapema sana," nikamjibu. "Anachuma ule upande wa chini."

"Kwani hakuji?"

"Anachuma," nikasema, nikidhani ni habari za chai tu.

Jirani akanitazama kidogo, akarudia kusugua kikapu. Nilishangaa kwa nini anakisugua hivyo, maana majani hayajali kikapu kichafu. Ungedhani mtoto aliyenyimwa ukoko kwa sababu ya neno baba angekumbuka. Sikukumbuka. Hofu inapunguza akili.

Alhamisi asubuhi sikuugua. Nilitembea mpaka shuleni nikichelewa makusudi, na nilipokata kona nikaona lango limejaa wanawake. Leso, mabuti ya mpira, vikapu mgongoni, majembe, nyungo, mmoja na kinu na mchi wake, mmoja amebeba kuku ambaye sijui alikuwa kifaa cha kazi gani. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kuna msiba. Nilitafuta nani analia. Hakuna aliyekuwa akilia, walikuwa wakicheka na kutengenezana vitambaa vya kichwa, na kila mmoja alikuwa ameshikwa mkono na mtoto wa darasa la pili.

Mwalimu alikuwa mlangoni. Alikuwa amepanga mawe ya kunoelea mapanga, mbao za kupigwa randa, na benchi ndefu za wanaume kukalia. Aliangalia wale wanawake, akaangalia barabara nyuma yao.

"Na baba wenu wako wapi?"

"Baba ndiye huyu!" watoto wakasema, kila mmoja akimvuta wake mbele.

Alipepesa macho. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mtu wa kwetu, alikuja akamnong'oneza, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Akina mama walipoelezwa wakacheka kuliko wao. Mmoja akasema basi wale wanaume wakae tu huko walipo, kazi imekuja. Wakaingia, wakakaa kwenye benchi, darasa likanukia moshi wa kuni na maziwa.

Mimi nilikuwa dawati la mwisho, peke yangu. Nilikuwa mtu pekee katika darasa lile aliyemwelewa mwalimu sawasawa, na ndiye pekee aliyekuja bila mtu. Mama yangu, ambaye angekuja mbio na kikapu chake, alikuwa mistari ya chini akichuma kwa sababu mimi nilimwambia jirani kwamba atachuma. Jirani alinigeukia mara moja, nikainamisha kichwa.

Mwalimu akaja akachuchumaa. "Na wewe? Baba yako ako wapi?"

Sijui aliulizia yupi. Labda hata yeye asubuhi ile hakujua tena. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kikanishangaza.

"Baba anachuma chai."

"Hapa karibu? Haya, kimbia umwite. Tunakungoja."

Nilikimbia. Nilikata katikati ya chai ya watu, umande ukanilowesha mpaka kiunoni, nikaruka mtaro wangu wa jana. Na nikikimbia nilihisi wepesi ambao siwezi kuusimulia vizuri, kwamba jambo lilikuwa rahisi namna hii siku zote, kwamba nilikuwa naye mtu wa kusimama kando yangu na jina lake nilikuwa nalo mdomoni. Nilipoona kitambaa chake cha kichwa juu ya majani nikaanza kupiga kelele nikiwa mbali bado.

"Baba! Baba! Baba!"

Mama akainuka. Mikono yake, ambayo haikuwahi kusimama siku ya kuchuma, ilisimama. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, kule barabarani. Akavua kikapu mgongoni haraka haraka, akakiacha kianguke na majani yakamwagika, akajifuta uso kwa upindo wa leso, akarudisha nywele ndani ya kitambaa.

"Amekuja?" akaniuliza. "Ako wapi? Ako barabarani?"

Sikuwahi kumwona mama yangu na uso ule. Ulikuwa uso wa msichana. Nilisimama mbele yake nikihema, na ilibidi mimi ndiye nimwambie.

"Hapana," nikasema. "Ni wewe. Mwalimu anakuita wewe."

Kisha akainama, akaanza kuokota majani yaliyomwagika, moja moja, ingawa wakati wa kuchuma hakuna anayeokota majani moja moja. Nikamsaidia. Nikamweleza kilichotokea shuleni, na nilipofika kwa mwalimu na mwalimu mkuu kushikana mabega akacheka kidogo, ili mimi nisiogope. Akavunja tawi la chai kwenye mstari wetu, tukaenda.

Tulikuwa wa mwisho. Alisimama mbele na mabuti yake ya mpira, akaonyesha darasa namna ya kuchuma majani mawili na kichipukizi chake, si kwa ukucha, na mwalimu akajaribu akashindwa, watu wakapiga makofi. Nilipoambiwa nimtambulishe nilisema huyu ni mama yangu. Wenzangu wakapiga kelele, "Sema baba!" Mama aliwatabasamia, akaniwekea mkono shingoni. Mkono ulikuwa baridi.

Wakati wa kurudi mvua ilitukuta njiani, tukajifunika jani moja la mgomba.

"Asubuhi uliniita nani?" akaniuliza.

"Baba."

"Nyanya yako atafurahi sana." Tulitembea kidogo. "Lakini usiniite hivyo tena. Niite mama tu. Hilo lingine liko na mwenyewe."

Nikasema sawa. Nilifurahi hata, maana mtoto akipewa amri nyepesi hufurahi. Sikujua nimeagana na nini.

Mwenyewe hakurudi. Tulisikia habari zake, kisha hatukuzisikia. Mwalimu alihamishwa kabla hatujamaliza darasa la nne. Shule sasa ina ukuta wa mawe na sakafu ya saruji, na chai ya upande mmoja imeng'olewa, zimejengwa nyumba za kupanga. Lile neno nalo linaondoka polepole. Mijini mama ni mum, na vijijini vilevile, hata binti yangu ananiita hivyo nami naitika. Lakini nikienda sokoni Nyamira bado husikia mwanamke mzima akimwita mama yake mzee, "Baba, hebu kaa hapa kivulini," nami hugeuka kila mara, halafu hujifanya natazama nyanya za kununua.

Mama tulimzika miaka mitatu iliyopita. Watoto wa jirani walinisaidia kulia, maana jirani alikuwa ametangulia na kilio chao walikuwa wanakijua. Wao walilia baba, baba. Mimi nililia mama, kama nilivyoagizwa. Usiku ule na siku nyingi tangu hapo nimekaa nikifikiri kwamba kila mwanamke wa kwetu, hata maskini vipi, hata aliyeachwa vipi, ana mtu wa kumwita kwa neno baba. Mama alizaa mtoto mmoja tu.