Jumamosi ya Kutengeneza

Kabla sijafumbua macho nilisikia hodi. Hodi kwetu, hodi kwa jirani, hodi ng'ambo ya uzio wa maua, na ndala zikiburutwa kwenye umande. Enzi zetu hapa Bunia, hivyo ndivyo mtoto alivyojua kwamba kesho ni Meza ya Bwana.

Jumamosi hiyo wamama walizunguka nyumba kwa nyumba kutengeneza maneno. Aliyekosana na mwenzake alimwendea, wakasemezana, wakapeana mkono. Asiyetengeneza, kesho yake sahani ya mkate ilimpita. Sisi watoto tulipenda ugomvi wa wakubwa, kwa kuwa kila upatanisho ulikuwa na chakula: sombe ya majani ya mihogo yenye mawese, samaki wa ziwani kutoka Tchomia, na siku ya bahati hata chai ya maziwa. Leo vijana wetu wanaombana msamaha kwa kamchoro ka mikono miwili kwenye simu, wanakatuma kwa kundi zima, basi, wametakasika.

Mama yangu na Mama Furaha, jirani yetu, walitengeneza mara nyingi kuliko wote, maana walipendana na wote wawili walikuwa na mdomo. Mara ya mwisho ilikuwa mbuzi. Mbuzi wa Mama Furaha aliingia kwetu akala mihogo iliyoanikwa, akalala juu ya iliyobaki. Jumamosi ilipofika, Mama Furaha alikuja akasimama mlangoni, anacheka.

"Mama Neema, mbuzi njo alikula. Miye sikuonja hata kidogo."

Mama hakuacha kufua. Alijibu bila kugeuka.

"Niko na kazi. Utarudia Meza ingine."

"Haya, dada. Mungu akituacha wazima."

Kesho yake kanisani Mama Furaha aliipitisha sahani bila kugusa. Mama, benchi mbili mbele yake, alichukua mkate, akanywa juisi nyekundu ya maua ya ngai-ngai katika kigilasi, akafuta mdomo.

Wiki ile vita ilifika mtaani kwetu. Kila familia ilikimbilia njia yake. Tuliporudi, kwa Mama Furaha palikuwa na kuta tu. Mmoja alisema walionekana Niania, mwingine alisema walivuka ziwa. Mama aliuliza kila msafiri, mpaka wasafiri wakaanza kumkwepa.

Tangu hapo hajaonja mkate ule. Pasteri wetu wa sasa, kijana mwema, alikuja nyumbani kumfundisha kwamba damu ya Yesu inatosha, atubu tu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai.

"Mungu alishanisamehe, pasteri. Lakini haikukuwa Mungu njo alisimama kwa mulango yangu."

Siku hizi Meza inaandaliwa upesi. Vikombe ni vya plastiki, vinatupwa, na hakuna anayeulizwa kitu. Jumamosi zetu zina muziki wa harusi na pikipiki. Hodi ya alfajiri sijaisikia miaka mingi. Tunakula mkate mmoja na watu ambao hatujui hata kama wametukasirikia.

Jumapili iliyopita mashemasi walipofunua sahani, Mama alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akapita kati ya mabenchi polepole kuelekea mlangoni. Nilimshika mkono, aliutoa kwa upole. Shemasi aliyekuwa nyuma alimfungulia, akamwacha apite, kisha akasukuma mlango ukajifunga nyuma yake.