Alama Tano za Shikamawe

Wanafunzi walimwita Bwana Jani, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha masomo matatu pale chuoni: ikolojia asubuhi, baiolojia ya uhifadhi baada ya mapumziko, na alasiri somo alilolipenda kuliko yote, la kumtembeza mgeni msituni na kumweleza anachokiona. Alikuwa akisema mgeni hachoki miguu, huchoka masikio, kwa hiyo kiongozi anayemwaga majina ya Kilatini mfululizo ni sawa na anayemfukuza. Watu walicheka, wakaandika, wakampenda. Alikuwa mwalimu mzuri, tusimnyime haki yake.

Lakini alikuwa na kanuni yake moja. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alitakiwa kuleta mimea kumi aliyoikausha mwenyewe, ikiwa imekandamizwa katikati ya magazeti na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Chini ya karatasi aandike jina la mmea, mahali, tarehe, na wingi wake pale ulipong'olewa. Mmea uwe mzima na mizizi yake. Aliyeleta tawi alirudishwa akaanze upya. Na kwa kuwa vijana ukiwaachia watakuletea magugu ya nyuma ya bweni yote kumi, aliahidi alama tano za nyongeza kwa atakayeleta mmea adimu. Jamani, mwanafunzi na alama! Mwambie ziko kwenye shimo la nyoka, atakuuliza shimo lipi.

Mmea adimu kuliko yote ulikuwa shikamawe. Una majani mawili tu na ua dogo jeupe, na uliota kwenye mawe yenye unyevu kando ya kijito, katika msitu ulioanzia nyuma ya chuo. Kwingine kokote haukuwahi kuonekana.

Wa kwanza kumwonyesha Bwana Jani shikamawe hakuwa profesa. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alisuka vikapu, na kila wiki aliingia msitu huo huo kukata kamba za kusukia, mdogo wake akimfuata nyuma na gunia. Akikata kamba mbili, aliacha tatu. Njiani alimtajia kila kilichoota, kipi kinawasha, kipi kinanuka kikivunjwa, kipi kisiguswe kabisa. Vikapu vile ndivyo vilivyomsomesha Bwana Jani mpaka akarudi pale na shahada yake kwapani.

Miaka kumi na miwili iliyopita shikamawe ulitoweka. Ofisi ya misitu ikaitisha mkutano katika ukumbi wa chuo, na Bwana Jani, kama mtaalamu, akaulizwa nani kaumaliza. Mtaalamu hata kichwa hakukuna. Alisema ni watu wanaoingia kukata na kuchimba. Hakumtaja mtu, ni kweli, ila waliokuwa wakiingia mle kila wiki walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao alikuwa amekaa mstari wa nyuma, mikono magotini. Kabla mwezi haujaisha msitu ukazungushiwa waya, na ufunguo wa lango ukabaki kwa chuo peke yake. Ndiyo maana wanasema nyani haoni kundule.

Dada akaacha vikapu. Alijaribu kusukia nyuzi za plastiki, vidole vikazikataa, mwisho akawa anakaa barazani kushona vifungo na kupunguza suruali za watu. Hakumlaumu mdogo wake. Kila alipokwenda kumsalimu alipewa chai kama kawaida, na habari za msitu hazikutajwa. Bwana Jani naye alijipoza kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tena moyoni alijisifu, ati kwa kutokumpendelea ndugu yake.

Mwezi wake wa mwisho kabla ya kustaafu, mkuu wa chuo alitaka makabati yote ya mimea mikavu yaingizwe kwenye kompyuta. Bwana Jani akawa anasoma karatasi, na mwalimu msaidizi, binti aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, anachapa. Siku ya tatu wakafungua droo ya shikamawe. Zilikuwamo karatasi mia mbili na kumi na moja. Mahali: mawe ya kijito. Wingi: mingi. Akasoma nyingine. Mingi. Nyingine tena, mingi. Miaka ikasogea, ikawa michache, halafu michache sana. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya mwaka mmoja kabla ya mkutano ule, na mwanafunzi alikuwa ameandika kwa herufi za kupendeza, "Huu mmoja tu." Pembeni, kwa wino mwekundu na kwa mkono wake mwenyewe Bwana Jani, kulikuwa na alama tano za nyongeza na neno "Hongera".

Msaidizi aliacha kuchapa. Mojawapo ya zile karatasi ilikuwa yake.

"Tulikuwa tunaamka alfajiri kuwahiana, Mwalimu," alisema taratibu. "Tulidhani unajua."

Hakuwa anajua. Karatasi zote hizo zilikuwa zimepita mikononi mwake, na kila mwaka alichokuwa akisahihisha ni gundi na mwandiko. Aliketi juu ya kasha la vitabu kwa aibu. Angeweza kunyamaza. Droo zile hakuna aliyezifungua kwa hiari, na msaidizi alimheshimu mno kumtangaza. Ijumaa ilikuwa sherehe yake ya kuagwa, hotuba zimeshaandikwa. Lakini alimfikiria dada yake pale barazani na suruali za watu, akaona akinyamaza na hili atakufa nalo.

Akaiandikia ofisi ya misitu kurasa mbili, bila kujitetea: wakata kamba hawakuumaliza shikamawe, aliyeumaliza ni yeye na darasa lake. Akaomba lango lifunguliwe kwa waliofukuzwa. Sherehe ilifanyika, ikawa fupi. Wiki ya pili kibali kikatoka kimeandikwa jina la dada. Bwana Jani alikichukua kwa mikono miwili, na njia nzima aliwaza vikapu tu. Alijua shikamawe haurudi. Alichotaka sasa ni dada arudi msituni, angalau hilo liwe limetengenezeka.

Alimkuta barazani, akamwamkia, akaketi chini kwenye mkeka.

"Dada, ule mmea hamkuumaliza nyinyi," alisema. "Ni wanafunzi wangu. Mimi ndiye niliyewatuma."

"Najua," dada alijibu, hata sauti hakuinua.

Akamweleza. Aliwaona vijana wakiung'oa na mizizi yake, mwaka huu wengi, mwaka ujao wengi zaidi. Siku moja akavaa nguo yake nzuri akaenda chuoni kumwambia. Bwana Jani alikuwa darasani. Akatoa kichwa dirishani akamwambia asubiri kwenye benchi. Akasubiri mpaka alasiri. Mlango ulipofunguliwa alitoka na kundi la wageni, anawaeleza jambo huku wanacheka, akampita.

Bwana Jani alijaribu kuikumbuka siku hiyo, hakuikumbuka hata kidogo. Akamuuliza kwa nini hakumwita.

"Ulikuwa na wageni, mdogo wangu. Niliona nitakuaibisha."

Akamkabidhi kibali. Dada alikisogeza karibu na uso, akakisogeza mbali, akamrudishia amsomee. Akasoma: ameruhusiwa kuingia msituni na kukata kamba, siku yoyote, bila kizuizi. Dada akashukuru. Kisha akamwambia, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba macho yameshakwenda, huu mwaka wa tatu anashona kwa kupapasa, na hata dukani hafiki bila kushikwa mkono. Chai zote alizokunywa pale, Bwana Jani hakuwa ameligundua hilo.

Machozi yakamtoka Bwana Jani, mtu mzima na mvi zake, akaomba msamaha, akarudia tena na tena. Dada alipapasa mpaka akaupata mkono wake, akaushika.

"Mimi nami nina langu," alisema. "Siku ile ningegonga mlango wa darasa. Ningegonga tu, ungebaki hata mmoja."