Nitukane Baadaye

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, wifi yangu aliniandikia kwa mkono wake mwenyewe kwamba amempiga mama yangu.

Sikuletewa umbea na majirani. Ujumbe ulitoka kwenye namba yake na ninao mpaka leo kwenye simu:

"Wifi nimempiga mama mara tatu asubuhi hii hasikii. Tufanyeje?"

Tufanyeje! Yaani amempiga mtu mzima wa miaka sabini na moja, halafu ananiomba na ushauri.

Kabla sijaendelea, mnijue kidogo. Mimi ni mwanamke, na kazi yangu ni kuchora mabango. Maduka, saluni, shule, makanisa, misikiti, mkinipa ukuta naandika. Karakanani wananiita Kiberiti. Wembamba sina, kwa hiyo mnaweza kukisia jina limetokana na nini.

Methali ya "Hasira hasara" nimeichora mwenyewe kwenye ukuta wa shule, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mlango. Siku hiyohiyo niligombana na mlinzi wa getini.

Bosi wangu ana sheria moja tu. Kabla brashi haijagusa bango, maneno yasomwe mara tatu: kwa macho, kwa sauti, kisha kwa kidole, herufi moja moja. Sheria hiyo ilikuja baada ya mwenzetu mmoja kuandika bango la shule ya chekechea. Lilitakiwa kusema TUNALEA WATOTO KWA UPENDO. Yeye akasahau E.

TUNALA WATOTO KWA UPENDO. Lilikaa juu siku mbili kabla mzazi mmoja hajaja kuuliza.

Basi mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kusoma mara tatu kuliko wote pale. Mabango tu.

Ujumbe ule niliusoma mara moja.

Na niliamini papo hapo, kwa sababu nilikuwa na ushahidi wangu kichwani. Wiki tatu kabla ya hapo nilimwona mama na alama nyeusi mkononi, kubwa kama kiganja. Nikamuuliza.

"Nilijigonga kwenye kabati," akasema.

"Kabati lina mikono?"

"Wewe nawe!" Akacheka, akageuza maongezi.

Tena kulikuwa na ugomvi wa ufunguo. Mama anaishi peke yake, vyumba viwili na choo cha ndani. Funguo za mlango zilikuwa tatu: wake, wangu na wa wifi. Mdogo wangu, mume wa wifi, ni dereva wa malori ya masafa, kwa hiyo wifi ndiye aliyekuwa akipita kwa mama mara kwa mara.

Siku moja nikafika nikakuta kitanda cha mama kimehamishwa kutoka chumba cha ndani na kuwekwa sebuleni, karibu na choo.

"Mama anayumba siku hizi, wifi," akaniambia. "Nimeona usiku asitembee mbali."

Nikawaka. Nani kamfanya mama yangu mgonjwa? Nani kampa ruhusa ya kupanga nyumba ya watu? Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikakirudisha kitanda chumba cha ndani, nikamnyang'anya ufunguo.

Mama alikuwa ameketi pale pale. "Mwanangu, mrudishie mwenzio ufunguo."

"Nitamrudishia akijifunza adabu."

Nikautia kwenye mfuko wa aproni yangu ya kazini. Ukakaa humo wiki mbili.

Sasa rudini kwenye ile asubuhi. Nimesoma ujumbe, damu imechemka, brashi imenidondoka na rangi ya bluu imemrukia bosi kwenye suruali.

"Kiberiti! Kuna nini?"

"Nakwenda kuua mtu."

"Maliza kwanza hiyo S," akasema. Alidhani natania.

Simu ikaanza kuita. Wifi. Nikakata. Ikaita tena, nikakata. Ya tatu nikaizima kabisa. Nilitaka haya mambo yaishe uso kwa uso.

Wifi anafanya kazi kwa dobi, anapiga pasi. Kutoka karakanani hadi pale ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu, na nyumba ya mama iko katikati ya njia. Nilipita mbele ya mlango wake. Nakumbuka pazia lilikuwa limefungwa, na redio ilikuwa inasikika ndani.

Sikusimama.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mtu mwenye akili timamu akiambiwa mama yake kapigwa, anakimbilia kwa mama. Mimi nilikimbilia kwa mpigaji. Hasira haimtafuti aliyeumia, inamtafuta wa kumuumiza.

Nilipoingia kwa dobi, wifi alikuwa nyuma ya meza, pasi mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, ameibana sikioni. Kulikuwa na mwanaume mmoja aliyefuata suti yake, na mwenye duka alikuwa anahesabu mashati.

"Wewe mwanamke!" nikapiga kelele. "Umempiga mama yangu?"

Akashtuka. "Wifi, afadhali umekuja, nakutafuta..."

"Unanitafuta unipige na mimi?"

Nikampiga mkono. Simu ikaruka, ikatua sakafuni, kioo kikapasuka. Yule wa suti akarudi nyuma hatua mbili. Mwenye duka akasema, "Jamani, jamani," kama watu wanavyosema wasipotaka kuingilia.

Nikamwaga yote. Kwamba hana shukrani. Kwamba tangu aolewe ukoo wetu haujapata raha. Kwamba miaka tisa hana mtoto kwa sababu Mungu anaona.

Ndiyo. Hata hilo nililisema, mbele ya watu.

Niliona uso wake ukibadilika. Nilisubiri anirudishie, kusema kweli nilitaka anirudishie, ili niwe na haki ya kuendelea.

Akaisimamisha pasi. Akachomoa waya ukutani. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, yakashuka. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana:

"Wifi, nitukane baadaye. Ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo wa nini? Ukammalizie?"

"Mama hapokei simu tangu saa mbili. Kila siku saa mbili huwa anapokea." Sauti haikupanda. "Utanitukana mpaka uchoke, nitakaa nikusikilize. Sasa hivi nataka ufunguo."

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Ulikuwemo.

Nilikuwa nimepita nao mlangoni kwa mama, mfukoni.

Tulikimbia. Yeye na kandambili zake za kazini, mimi na aproni yenye rangi. Hatukusemeshana njia nzima. Nilipofika mlangoni mikono yangu ikakataa kazi, ufunguo ukawa unagonga kitasa tu. Wifi akaushika, akafungua.

Redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari.

Mama alikuwa sakafuni, katikati ya chumba cha ndani na choo. Amelalia mkono wa kulia. Mdomo umevutwa upande mmoja. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa yananiangalia mimi.

Simu yake ilikuwa juu ya kabati, hatua mbili kutoka kichwani pake. Ilikuwa ikiita pale juu na yeye yuko chini.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja ambalo bado nalisikia. "Alianguka saa ngapi?"

Hakuna aliyejua.

"Ni kiharusi," akasema. "Kwenye hali hii kila dakika ina thamani. Mlichelewa kujua?"

Wifi akaniangalia, halafu akajibu yeye. "Mlango ulikuwa umefungwa, daktari."

Hakusema zaidi. Angeweza kunimaliza pale, na ningestahili.

Tulikaa kwenye benchi la nje saa nyingi. Na amini usiamini, pamoja na yote, bado lile neno lilikuwa linanikereketa. Nikashindwa kujizuia.

"Wifi, sasa kwa nini uliniandikia vile?"

"Vipi?"

Nikawasha simu yangu, nikampa. Akasoma kwa sauti, bila wasiwasi wowote:

"Wifi, nimempigia mama mara tatu asubuhi hii, hasikii. Tufanyeje?"

"Soma tena," nikasema.

Akasoma tena. Nimempigia.

"Soma kwa kidole."

Akaweka kidole kwenye kioo. N, i, m, e, m, p, i, g... Kidole kikasimama.

Haikuwepo. I moja. Kajiherufi kembamba kuliko yote, mwenyewe huwa nakachora kwa mpigo mmoja wa brashi.

Lugha yetu hii, kila kitu kinapigwa: simu, pasi, picha, hodi, magoti. Na watu. Kati ya kumpigia mtu na kumpiga kuna hako kajiti tu.

"Nilikuwa naandika kwa mkono mmoja," wifi akasema polepole. "Mwingine ulikuwa na pasi."

Nikaanza kulia. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini maneno yakagoma kutoka.

Akanirudishia simu. Akaangalia kucha zake. Kisha akauliza, bila ukali, na ndiyo maana iliniuma kuliko kofi:

"Lakini wifi, uliamini?"

Niliigeuza simu kifudifudi mapajani.

"Miaka tisa namwogesha mama akiumwa, namchana nywele. Ukasoma vile, na ukaamini."

Akainuka, akaenda kuulizia dawa dirishani.

Mama alitoka hospitali baada ya wiki tatu. Mkono wa kulia hauna kazi, na sauti haijarudi. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki. Mama yangu, aliyekuwa akibishana na redio!

Ile alama nyeusi mkononi alikuwa ameipata kweli kwenye kabati. Alikuwa ameanza kuanguka. Wifi alijua, akahamisha kitanda. Mimi nikakirudisha.

Nilihamia kwa mama. Kitanda nikakipeleka sebuleni, pale pale alipokuwa amekiweka wifi. Simu niliyompasulia wifi nilimnunulia nyingine. Ufunguo nikampelekea kwa dobi. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema asante, akarudi kwenye pasi. Tangu hapo anakuja kumwogesha mama nikiwa kazini, na nikirudi ameshaondoka. Nakuta mama ananukia sabuni, nywele zimechanwa, na kikombe kimefunikwa.

Mara kumi niliandika "nisamehe" kwenye simu. Mara kumi nikafuta. Nilikuwa naogopa, kwa hasira zangu zote hizi.

Bosi alinipa kipande cha ubao. Nikakipaka rangi nyeupe, nikaandika herufi zote. Mstari wa juu irabu, A E I O U, kwa rangi nyekundu. Chini yake nyingine zote, nyeusi. Niliusoma mara tatu kabla haujakauka.

Siku nne mama aliuangalia tu. Jioni ya tano akanyoosha mkono wa kushoto.

M.

Nikashika ubao vizuri.

P.

I. Kisha, baada ya muda mrefu, G.

M, P, I, G.

Mnanijua sasa. Huwa namalizia watu maneno yao. Kichwani nilikuwa nimeshaliona neno zima, na mwili wangu ukaanza kupata moto kama zamani. Mpige? Mama anataka nimpige nani? Kwa hiyo kuna kitu wifi alifanya kweli?

Kidole cha mama kilipanda mstari wa juu. Kikaelekea kwenye E. Kikasimama hapo, kimechoka.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga.

Nikahesabu pumzi, kama nilivyomwona mtu mmoja akifanya siku ile mbele ya pasi. Mabega yakapanda, yakashuka. Nikasubiri.

Kidole kikasogea pembeni. I.

Kisha kikarudi. E.

Mpigie.

Mama akaushusha mkono, akaniangalia kama vile alivyoniangalia kutoka sakafuni. Sikuhitaji kuuliza nimpigie nani.

Nikapiga. Haikupokelewa. Nikapiga ya pili, haikupokelewa. Nilitaka kuitupa simu ukutani, lakini mama alikuwa ananitazama. Nikapiga ya tatu.

"Wifi?" Sauti ilikuwa na hofu. "Mama ana nini?"

"Mama hana tatizo. Amesema nikupigie."

"Amesema?"

"Amesema. Kwa herufi zote. Wifi, ulisema nikutukane baadaye. Baadaye yenyewe ndiyo hii, na matusi sina. Nina nisamehe tu."

Alinyamaza muda mrefu, nami sikumjazia maneno. Mwisho akasema, "Kesho nitakuja saa kumi na moja. Uwepo."

Hatujacheka pamoja kama zamani, nisiwadanganye. Maneno niliyoyasema kwa dobi hayana kifutio. Lakini anakuja nikiwepo.

Wewe unayesoma hapa ukiwa na ujumbe wa mtu mkononi na damu imekupanda, nakuomba kitu kimoja. Usome tena. Kwa macho, kwa sauti, halafu kwa kidole. Na ukishindwa kabisa, ukiona lazima uondoke mbio uende mahali, basi anza kwa yule aliyeumia. Huyo wa kutukanwa yupo, atakusubiri.