Fortunat anaomba jeshi limvue medali

Saa tatu asubuhi, Fortunat Nduwayo anainamia pipa lililokatwa katikati na kujazwa maji. Rejeta ya lori imezama ndani yake. Anaipuliza hewa kwa pampu ya baiskeli, anasubiri. Mapovu yanaanza kupanda upande wa kushoto.

"Njo hapa inavuja," anasema, na kukwaruza alama kwa msumari kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea.

Kibanda chake kiko nyuma ya maduka ya vipuri ya Quartier Asiatique, katikati ya Bujumbura. Ana miaka 57, na kazi hii ameifanya tangu alipostaafu jeshini miaka tisa iliyopita. Siku njema humletea rejeta mbili au tatu. Siku mbaya hukaa juu ya tairi kuukuu akisikiliza redio ya jirani.

Wateja humwita Medali. Wanamwita hivyo kwa heshima, lakini kila akiitwa hukunja uso kama mtu aliyetafuna pilipili bila kutarajia.

"Ile medali si yangu," anasema. "Mi nataka jeshi itowe jina yangu kwenye karatasi, iweke ya mwenyewe."

Wastaafu wanaozunguka maofisini kutafuta medali walizonyimwa ni wengi. Anayezunguka akitaka anyang'anywe ya kwake, mwandishi wa habari hii hajakutana naye mwingine.

Mwenyewe anayesemwa ni Huseni Bizimana, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, aliyekuwa dereva mwenzake katika kikosi cha kulinda amani nchini Somalia. Walipewa lori moja la kubeba askari na kuliendesha kwa zamu. Huseni alikuwa Mwislamu, Fortunat ni Mkristo na mwimbaji wa kwaya.

Hapo ndipo yalipoanza makubaliano yao. Zamu ya Huseni ikiangukia Ijumaa, Fortunat alimwendeshea ili akasali. Zamu ya Fortunat ikiangukia Jumapili, Huseni alishika usukani na mwenzake akaenda ibadani kwenye hema la kambi.

"Mi Ijumaa namuendeshea, ye siku ya Mungu ananiendeshea," anaeleza. "Hatukuwaza mabaya. Ilikuwa kusaidiana tu."

Kubadilishana zamu bila kibali kulikatazwa. Kwa hiyo daftari la safari, lililotiwa saini jioni ya kuamkia safari, halikuguswa. Aliyepangwa ndiye aliyetia saini, kisha akampa mwenzake ufunguo. Mkuu wao wa zamu alijua na akanyamaza, maana malori yalitoka kwa wakati na hakuna aliyelalamika.

Jumapili moja ya Oktoba 2012, lori hilo lilishambuliwa nje kidogo ya Mogadishu. Huseni alipigwa risasi pajani. Matairi mawili yalipasuka. Aliliendesha hivyo hivyo kwa kilomita nne hadi kambini, akiwa na askari kumi na mmoja nyuma. Wawili walikuwa wamekufa. Tisa walirudi kwa watoto wao.

Mmoja wa hao tisa ni Jovithe, ambaye leo anauza mkaa. "Nilikuwa nimelala chini, damu inatoka," anakumbuka. "Nilikuwa nasikia Huseni anasoma dua kwa sauti, na lori inaenda. Nilisema, akinyamaza, tumekwisha. Hakunyamaza."

Taarifa iliyopelekwa makao makuu ilifuata daftari bila kuwauliza waliookoka, na daftari lilikuwa na saini ya Fortunat. Hivyo yeye ndiye aliyependekezwa kupewa medali ya ushujaa. Mkuu wa zamu alipoona mambo yamefika juu, aliogopa. Aliandika kwamba Huseni aliumia karakanani, alipoangukiwa na gari lililoteleza kwenye jeki.

Fortunat anasema alikimbilia hema la wagonjwa akitaka kusema ukweli. Huseni, mguu ukiwa umefungwa, alimzuia.

"Aliniambia, 'We nyamaza. Wakijua, wanaturudisha wote wawili na aibu. Chukua, tutaongea nyumbani.' Nikachukua. Hapa, mi sina mutu wa kusingizia. Mukono yangu njo ilichukua."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Fortunat imekwenda miaka kumi na miwili. Nyumbani waliongea, kweli, lakini kila Fortunat alipotaka waende kusema, Huseni alimwomba wangoje wastaafu kwanza. Walipostaafu, Huseni akaanza kuugua figo. Alifariki mwaka 2023.

Kwenye mazishi, Fortunat alisikia mwanamume mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba marehemu ndiye yule askari aliyeenda vitani akapigwa na jeki. Wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka makaburini.

"Siku ile sikula," anasema Fortunat. "Mutu amekuokolea watu tisa, wanamucheka kwenye kaburi yake, na medali yake iko kwangu nyumbani, kwenye ukuta ya salon."

Baada ya siku arobaini aliiondoa ukutani kwake Kinanira, akaifunga kwenye kitambaa na kumpelekea mjane, Adija. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Adija hakumkaribisha ndani wala hakuipokea.

"Nilikasirika," anasema Adija, anayeshona nguo Buyenzi. "Watoto wangu walikuwa wanarudi kutoka masomo wanalia sababu ya ile kriki, ile jeki. Na mume wangu aliniongopea na mi pia. Nilimwambia papa Régis: hii chuma iko na karatasi, karatasi iko na jina yako. Nitaweka wapi? Kama unaweza, leta jina ya Huseni."

Papa Régis ndiye Fortunat, kwa jina la kifungua mimba wake. Tangu siku hiyo Adija hakumsalimia kwa mwaka mzima.

Fortunat alikwenda kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za wanajeshi. Karani alimtolea nakala ya daftari na kumuuliza saini ni ya nani. Akajibu ni yake. "Basi na medali ni yako, muzee," karani akasema, na kumwita anayefuata.

Alirudi mara sita. Mara ya sita karani, ambaye Fortunat anasema si mtu mbaya, alimsogezea kiti na kumwambia waziwazi: kumbukumbu hairekebishwi bila yeye kuandika kwamba siku ile hakuwa kwenye usukani. Akiandika hivyo, amekiri kuacha zamu na kutia saini ya uongo. Anaweza kushtakiwa, na anaweza kupoteza pensheni.

"Aliniambia, 'Muzee, mutu akikufa, dosie yake, faili yake, inalala. We unaiamusha ya nini?'"

Pensheni hiyo haifiki faranga laki mbili kwa mwezi, lakini ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Mkewe, Rosette, hafichi hofu yake. "Anasema ukweli, najua," anasema. "Lakini ukweli yake inatuhamisha wote." Fortunat alirudi kwenye rejeta zake na kukaa kimya miezi kumi na tatu. Anakiri kwamba ilikuwa woga, hakuna jina lingine.

Kilichomtoa humo ni Jovithe. Alikuja kibandani mwezi uliopita, akaketi, akasema naye yuko tayari kutoa ushahidi, kwa sababu wale waliokuwa ndani ya lori wanaanza kwisha. Kati ya tisa wamebaki watano.

Jumapili iliyopita mchana Fortunat alikwenda Buyenzi na maelezo yake, kurasa mbili za Kifaransa. Safari hii Adija alimpa kiti. Binti yake, Khadidja, anayesoma chuo kikuu, aliyasoma kwa sauti na kuyageuza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari.

Alipofika mahali palipoandikwa, "Wakati wa shambulio nilikuwa hemani, naimba," aliishusha karatasi magotini. Fortunat alitazama sakafu. Adija akamwomba binti arudie kutoka mwanzo.

Mara ya pili ilipokwisha, Adija aliuliza swali moja tu: kama imeandikwa kwamba Huseni alikuwa anasoma dua. Haikuwa imeandikwa. Fortunat akaiongeza pembeni kwa mkono, na kutia saini yake chini.

Atayapeleka maelezo hayo ofisini Alhamisi asubuhi, pamoja na medali. Jovithe ataacha mkaa wake na kufuatana naye. Anachoomba ni kwamba, wakikubali, waite watoto wa Huseni na kulisoma jina la baba yao mbele ya watu, kama la kwake lilivyosomwa.

"Na wakikatala, wakinifunga," alimwambia Adija akiwa tayari amesimama kuondoka, "basi, mama Khadidja, ujue angalau nilisema."

Adija alikuwa anakunja zile karatasi na kuzirudisha ndani ya bahasha. Hakuinua macho.

"Wakikufunga," alisema, "nitakuletea chakula."