Mwezi wa Saa Tatu Asubuhi

Nilipangiwa shule ya msingi moja kule Mbalibali, nikiwa narudia mazoezi ya kufundisha. Mara ya kwanza nilifeli. Chuoni waliniambia bila kuzunguka: ukifeli na safari hii, fungasha virago. Nyumbani Nyamwaga mama hakujua lolote. Kanisani walishaanza kumwita Mama Mwalimu, na mimi sikuwa na ubavu wa kumwambia.

Siku ambayo mkufunzi angekuja kunikagua, nilikuwa na kipindi cha darasa la sita: kwa nini mwezi hupungua na kuongezeka. Kwa hofu nilimuuliza mwanachuo mwenzangu, msichana kutoka Kisaka niliyekaa naye chumba kimoja.

"Ni kivuli cha dunia," alisema huku akimenya viazi. "Dunia inaukinga mwezi, kinabaki kipande."

Hata mimi ndivyo nilivyofundishwa. Nikachora jua, dunia na mwezi kwenye karatasi ya manila, na kivuli nikakikoleza kwa mkaa.

Tulianza saa tatu asubuhi. Mkufunzi alikaa dawati la nyuma, faili mapajani. Nilikuwa nimefika kwenye kivuli, msichana mmoja wa karibu na dirisha akanyoosha kidole.

"Mwalimu, mwezi si ule pale?"

Darasa zima liligeuka. Kweli ulikuwepo, upande wa magharibi juu ya mahindi, nusu, umepauka.

"Na jua liko huku mlangoni," aliendelea. "Vyote viwili tunaviona. Sasa hicho kivuli cha dunia kinapita wapi?"

Nilisikia kalamu ya mkufunzi ikiandika. Ningeweza kusema sijui, tutafute pamoja. Akilini nilimwona mama, nikaona na begi langu likishushwa nyumbani.

"Nani amekuruhusu kuchungulia nje wakati wa kipindi? Njoo mbele, piga magoti!"

Alikuja, akapiga magoti chini ya mchoro wangu. Nikaendelea kufundisha kivuli.

Tulipotoka, mkufunzi alinipa mkono. "Mada umeimudu. Na safari hii darasa unalidhibiti. Umefaulu."

"Asante, mkufunzi. Ila lile swali la yule mtoto..."

"Watoto wa siku hizi wanapenda kumtega mwalimu. Kivuli ni kivuli." Akawasha pikipiki.

Nilikwenda nyuma ya vyoo nikasimama nikiutazama ule mwezi.

Kesho yake asubuhi nilisimama uwanjani na limau. Mwezi ulikuwa umepungua kidogo kuliko jana. Nilinyoosha mkono, nikaliweka limau kando ya mwezi. Upande wa limau ulioelekea jua uling'aa, mwingine ukawa na giza, na ukiliangalia kutoka pale nilipokuwa, lilikuwa na umbo lile lile la mwezi. Hakukuwa na kitu chochote kilichokinga. Jua huangaza nusu ya mwezi siku zote. Kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo tunayoiona sisi. Kivuli cha dunia ni habari ya kupatwa kwa mwezi, jambo jingine kabisa. Nilikuwa nimechanganya mambo mawili, na mtoto wa darasa la sita alikuwa ameliona kosa langu.

Niliingia darasani na limau langu, nikawaeleza upya. Nikamwita yule msichana.

"Wewe ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Una swali lolote?"

"Hapana, mwalimu."

Zilibaki wiki tatu. Kila kipindi nilimtazama, wakati mwingine nikafundisha kosa kwa makusudi ili anisahihishe. Mikono yake ilikaa juu ya dawati, macho kwenye daftari.

Siku ya kuondoka nilimuuliza mwalimu wa darasa lao kama mtoto yule ni mkimya hivyo siku zote.

"Yule? Alitusumbua kwa maswali tangu yuko la tatu. Sasa ametulia kabisa. Sijui ulimfanyaje, mwalimu, lakini hongera."

Nilibeba begi langu nikaenda kusubiri gari.